Mwenye Nyumba na Kitabu Chake cha Kodi

Kuna watu wengi nchini Kenya ambao, wakiisha kustaafu kazi, au wakiisha kupata fedha za kahawa, chai au ng'ombe, hutia fedha hizo katika nyumba za kupangisha. Hununua kiwanja pembeni mwa mji, hujenga safu moja ya vyumba, kisha safu ya pili inayoielekea ya kwanza, na katikati huacha uwanja wa kuanikia nguo. Nyumba za namna hiyo watu huziita ploti. Mwalimu aliyestaafu Kakamega anazo, mjane wa Likoni anazo, na askari aliye kazini Garissa anajenga zake kwao Murang'a kwa mkopo wa chama cha akiba.

Watu hao huambiwa ya kuwa nyumba ni mali isiyokula wala kunywa. Maneno hayo si ya kweli. Nyumba hula mabati, hula saruji, hula vitasa na rangi, na hula hata wakati haina mtu ndani. Anayejenga bila kujua jambo hili hushangaa baada ya miaka michache kuona ya kuwa vyumba vimechakaa, wapangaji wazuri wamehama, na fedha hazionekani zilikokwenda.

Kupangisha vyumba si jambo geni katika nchi hii. Tangu miaka ya 1920, katika Pumwani huko Nairobi, Waafrika walijenga nyumba za udongo na miti katika viwanja vilivyotolewa na wakuu wa mji, wakakaa wenyewe katika chumba kimoja na kupangisha vile vingine. Wengi katika wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Tofauti ni kwamba wao waliishi pamoja na wapangaji wao, wakaona kwa macho kila bati linalovuja. Mwenye nyumba wa siku hizi aghalabu hukaa mbali, na ploti yake huiona mara moja kwa mwezi, au huisikia kwa simu tu.

Kabla ya kuendelea, neno moja lielezwe. Katika Kiswahili fedha anazotoa mpangaji huitwa kodi, na fedha anazotoa raia kwa serikali huitwa kodi vilevile. Hapa "kodi" ni ile ya mpangaji. Ile ya serikali itaitwa ushuru. Wenye nyumba wengine wamechanganya mambo haya mawili kwa makusudi, lakini hilo litaelezwa mahali pake.

HESABU KWANZA

Na ichukuliwe kwa mfano ploti yenye vyumba 10, kila chumba Sh. 3,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba huzidisha upesi akapata Sh. 35,000 kwa mwezi, yaani Sh. 420,000 kwa mwaka, na kwa hesabu hiyo huenda kuomba mkopo. Akiambiwa ya kuwa atalipa Sh. 22,000 kila mwezi, huona kwamba atabakiwa na Sh. 13,000 za matumizi ya nyumbani.

Lakini hakuna ploti inayojaa mwaka mzima. Watu huhama, na chumba hupakwa rangi na kungoja mtu mwingine. Kama kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, na mwezi mmoja zaidi kwa vyumba viwili vilivyo karibu na choo, hiyo ni miezi 12 ya chumba, sawa na Sh. 42,000. Zimebaki Sh. 378,000.

Ushuru wa nyumba za kukaa huhesabiwa juu ya fedha zote zilizopokelewa, bila kutoa gharama yoyote. Mpango huu ni wa karibuni: ulianza mwaka 2016, na kiwango chake kilikuwa asilimia 10. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kilipunguzwa kikawa asilimia 7.5. Unamhusu mtu ambaye kodi anazopokea zinapita Sh. 288,000 kwa mwaka lakini hazizidi milioni 15. Basi katika mfano huu ushuru ni Sh. 28,350. Wa kusafisha vyoo na uwanja alipwe Sh. 3,000 kwa mwezi, yaani Sh. 36,000 kwa mwaka. Gari la kunyonya maji machafu na watu wa kuzoa takataka, Sh. 24,000. Umeme wa taa za nje, Sh. 12,000. Ada za kiwanja kwa serikali ya kaunti, Sh. 8,000. Mwisho, kila mwaka yafaa mwenye nyumba atenge kodi ya mwezi mmoja wa ploti nzima kwa matengenezo, nayo ni Sh. 35,000.

Jumla ya matumizi hayo ni Sh. 143,350. Zimebaki Sh. 234,650, yaani kama Sh. 19,500 kwa mwezi. Mkopo wa Sh. 22,000 haulipiki. Bei hutofautiana kati ya mji na mji, lakini umbo la hesabu hii halibadiliki sana: katika kila shilingi 10 za kodi, mwenye nyumba asijitegemee zaidi ya shilingi 5 au 6.

Mtu akiisha kubanwa na mkopo, jambo la kwanza analoliacha ni matengenezo, kwa sababu bati halipigi simu kudai. Msumari mmoja hupata kutu, maji hupita, mbao huoza, na mpangaji wa chumba kile husema mara ya kwanza, husema mara ya pili, kisha huhama kimya. Anayehama kwanza ni yule anayelipa kwa wakati, maana yeye hana deni la kumzuia na popote atapokelewa. Anayebaki ni yule mwenye madeni ya miezi mitatu. Kwa njia hiyo mwenye nyumba aliyekataa kumlipa fundi Sh. 2,000 hujikuta na chumba kitupu miezi miwili, hasara ya Sh. 7,000, na majirani walio wabishi.

KITABU

Sheria zinazolinda wapangaji wa nyumba ndogo na wa maduka zinamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala yake. Ndani yake huandikwa majina ya pande zote mbili, chumba chenyewe, fedha zote zilizolipwa na matengenezo yote yaliyofanywa. Wengi hawakiweki. Hutegemea kichwa, au hutegemea ujumbe wa simu.

Tangu M-PESA ilipoanza mwaka 2007, kodi nyingi hulipwa kwa simu, na jambo hili limeondoa ugomvi mwingi wa "nilikupa" na "hukunipa". Lakini ujumbe wa simu hausemi fedha hizo ni za mwezi gani. Mpangaji hutuma Sh. 1,500 tarehe 4, akatuma Sh. 1,000 tarehe 19, kisha Sh. 3,000 mwezi unaofuata. Yeye anahesabu ya kuwa amemaliza mwezi wa Februari. Mwenye nyumba anahesabu ya kuwa bado anadaiwa Januari. Wote wawili wana ujumbe uleule mikononi, na wote wawili wanaapa kwa haki. Kitabu ndicho kinachoamua, kwa kuwa siku fedha zilipoingia iliandikwa: zimepokelewa, ni za mwezi fulani, zimebaki kadha, na mpangaji akapewa risiti inayosema vivyo hivyo.

Yafaa pia nambari ya simu inayopokea kodi isiwe ile ya kununulia unga na kulipia karo. Fedha zikichanganyika, mwenyewe hawezi kujua ploti imeleta nini.

Siku mpangaji anapoingia, kabla ya kushusha kitanda chake, watu wawili wazunguke chumba pamoja na kuandika: vioo vya dirisha ni vizima, kitasa kina funguo mbili, ukuta una ufa karibu na mlango, mita ya umeme inasoma hivi. Kila mmoja atie sahihi. Kazi hii haizidi robo saa. Asiyeifanya atakuja kubishana juu ya ufa ule siku ya kurudisha amana.

Na amana yenyewe si mali ya mwenye nyumba. Ni fedha ya mpangaji iliyowekwa ili kulipia uharibifu au deni likiwako. Ploti ya mfano, ikiwa kila mmoja ameweka kodi ya mwezi mmoja, ina Sh. 35,000 za watu. Desturi mbaya iliyoenea ni kumrudishia anayetoka kwa fedha za anayeingia. Mpango huo huenda vyema hadi mwezi ambao wanatoka watatu na haingii hata mmoja.

SHERIA TATU KATIKA UWANJA MMOJA

Wenye nyumba wengi hudhani ya kuwa sheria ya kupangisha ni moja. Katika ploti moja huenda zikatumika tatu.

Vyumba vya nyuma ambavyo kodi yake haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi viko chini ya sheria ya mwaka 1959 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo. Kiwango hicho cha shilingi ni cha zamani, na katika Nairobi vyumba vya bei hiyo vimekuwa haba. Lakini katika miji midogo na masoko ya mashambani vingali vingi. Chini ya sheria hii liko baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya kodi, ambalo mpangaji hufika bila kulazimika kuwa na wakili. Mwenye nyumba hawezi kushika mali ya mpangaji kwa deni bila ruhusa ya baraza hilo. Na kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame, au ili akubali kodi kubwa zaidi, ni kosa la kushtakiwa.

Vyumba vya kukaa vyenye kodi kubwa kuliko hiyo hufuata mapatano ya pande mbili pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na mashauri yake huenda katika mahakama.

Maduka yaliyo mbele, yanayotazama barabara, pamoja na hoteli na mikahawa, yana sheria yake ya mwaka 1965 na baraza lake. Hapa ndipo wenye nyumba wengi hukosea. Mtu husema, "Huyu wa duka sikuandikiana naye kitu, basi naweza kumtoa nikitaka." Mambo ni kinyume kabisa. Sheria hiyo humlinda hasa mpangaji ambaye mapatano yake hayakuandikwa, au yameandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Kumtoa au kumpandishia kodi huhitaji notisi kwa namna iliyowekwa na sheria, isiyo chini ya miezi 2. Mpangaji akipeleka shauri barazani kabla ya muda huo kwisha, notisi hainguvu mpaka baraza liamue. Mwenye kinyozi au duka la unga ambaye amekaa mahali pamoja miaka minane, na wateja wake wamemzoea, si mtu wa kuondolewa kwa maneno ya jioni moja.

KUMTOA MPANGAJI

Jambo linaloleta machozi zaidi katika ploti ni deni. Mpangaji amefutwa kazi, au amefiwa, au ni mtu asiyependa kulipa. Kwa nje wote hufanana. Mwenye nyumba naye anadaiwa. Ndipo husikika habari za mlango uliong'olewa, mabati yaliyoezuliwa mvua ikinyesha, maji yaliyofungwa, au kufuli kubwa iliyotiwa mlangoni watoto wakiwa shuleni na vitabu vyao viko ndani.

Vitendo hivyo humgeuza mwenye kudai kuwa mwenye kudaiwa. Mpangaji aliyeng'olewa mlango na kuibiwa vyombo vyake usiku ule aweza kwenda mahakamani akapewa fidia iliyo kubwa kuliko kodi yote aliyokuwa akidaiwa. Wala mwenye nyumba hawezi kujitetea ya kuwa mlango ni wake.

Njia iliyo salama ni ndefu kidogo. Mpangaji anayelipa kwa mwezi, kama hakuna mapatano mengine, hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, nayo imalizike katika siku ambayo kodi hulipwa. Kwa mfano, ikiwa kodi hulipwa tarehe 1, na notisi imetolewa tarehe 10 Machi, haiwezi kumalizika tarehe 1 Aprili kwa kuwa mwezi haujatimia; itamalizika tarehe 1 Mei. Notisi iandikwe, na nakala yake iwekwe. Siku ikifika na mpangaji hajaondoka, mwenye nyumba aombe amri ya mahakama, au ya baraza kama chumba kiko chini yake. Ikiwa anataka kushika mali kwa ajili ya deni, kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, si na wana wa mwenye nyumba pamoja na vijana wa kukodi. Wala dalali hachukui kila kitu. Nguo za lazima za kuvaa, kwa mfano, haziguswi.

Wenye nyumba wenye busara huanza mapema zaidi. Deni la mwezi mmoja huzungumzika. Mpangaji mzuri wa miaka mingi akieleza shida yake, huandikiana naye ya kuwa atalipa kidogo kidogo kwa miezi minne, na karatasi hiyo hutiwa ndani ya kitabu. Deni la miezi sita halizungumziki tena, kwa sababu mpangaji hana popote pa kulitoa, na kwa kweli aliyelilea ni mwenye nyumba mwenyewe.

NANI ATENGENEZE

Chini ya Sheria ya Ardhi, kama wenyewe hawakupatana vinginevyo, aliyepangisha sehemu ya jengo hana budi kutunza paa, kuta za nje na kuta kubwa, mitaro mikuu, na mahali panapotumiwa na wote kama vile njia za kupitia. Nyumba ya kukaa iwe inafaa kukaliwa na binadamu, siku ya kwanza na siku zote. Mpangaji naye atunze chumba chake, ila uchakavu wa kawaida haumhusu. Mwenye nyumba akitaka kuingia kukagua, atoe habari kwanza. Ufunguo wa akiba si ruhusa.

Choo kilichojaa si jambo la wapangaji wenyewe kwa wenyewe. Bwana Afya aweza kufika na kumwamuru mwenye nyumba kuondoa uchafu unaodhuru watu.

Huku Mombasa liko jambo la kuangaliwa zaidi. Katika Majengo na mitaa mingine ya zamani, nyumba nyingi za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na uani nyuma, zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Basi yeye ni mwenye nyumba kwa watu sita na ni mpangaji kwa mtu mmoja. Anayetaka kununua nyumba ya namna hii aulize kwanza ardhi ni ya nani, kodi ya kiwanja imelipwa hadi mwezi gani, na kuna karatasi gani. Risiti hizo zihifadhiwe kama hati, kwani siku ardhi itakapouzwa ndizo zitakazosema.

USHURU NA MANENO YA UONGO

Ushuru uliotajwa hapo juu hulipwa kila mwezi, si baada ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, kwa njia ya mtandao. Asiyejua kompyuta husaidiwa katika vituo vya Huduma. Ambaye kodi zake hazifiki Sh. 288,000 kwa mwaka hayumo katika mpango huu, lakini huzieleza pamoja na mapato yake mengine katika hesabu ya mwaka. Wako wenye nyumba wanaowaambia wapangaji, "Serikali imeongeza kodi, kwa hiyo nanyi mtaongeza," wakiongeza Sh. 500 kwa chumba cha Sh. 3,500. Asilimia 7.5 ya Sh. 3,500 ni Sh. 262 na senti 50, na tena ni ushuru wa mwenye nyumba juu ya mapato yake, si wa mpangaji.

MWENYE NYUMBA AKIFA

Hili ndilo jambo ambalo watu hawapendi kulinena. Mzee amekufa. Kabla ya siku arobaini, mwana wa kwanza amekwenda kukusanya kodi, na mwana wa mke wa pili amekwenda vilevile. Wapangaji hawajui wamlipe nani. Wengine hulipa mara mbili, wengine hukaa bila kulipa mwaka mzima na kusema wangoja kesi.

Sheria ya urithi hairuhusu mtu yeyote kujishughulisha na mali ya marehemu, hata kama ni mwanawe, mpaka mahakama imempa idhini ya kuisimamia. Mpangaji anayedaiwa na watu wawili aombe kuonyeshwa barua hiyo ya mahakama, na fedha zake asizitumie, maana deni lake halikufa pamoja na mzee. Aliyepewa idhini amwandikie kila mpangaji barua akitaja jina lake na nambari mpya ya kulipia.

Msimamizi huyo ndiye atakayekifungua kitabu. Atatafuta humo nani amelipa hadi lini, paa la safu ya pili lilitengenezwa mwaka gani, fundi gani anadai. Atatafuta hasa ukurasa wa amana, kwa sababu zile Sh. 35,000 za wapangaji ni deni la marehemu, nazo hulipwa kabla ya watoto kugawana kitu.